Subiri Iliyogongwa Mhuri

Adelgunda alikuwa mtu wa kutii ofisi. Si kwamba aliziogopa. Aliziheshimu tu, kama alivyoiheshimu mvua ya masika, kitu kisichohimizwa na mtu. Ofisi ikimwambia njoo Jumatatu, Jumatatu alfajiri yeye yupo, kajifunga kitenge cha kutokea, kakaa kwenye benchi kabla mwenye ufunguo hajafika. Ikimwambia subiri, anasubiri, na hamsumbui mtu. Majirani zake kule Ihanda walipenda kumtuma kwenye mambo ya serikali kwa sababu hiyo. Hakuchoka, hakununa, na aghalabu hakurudi mikono mitupu.

Kwa hiyo asubuhi ile alipofika Rubwera dukani kwa mdogo wake Therese, na Therese akamuuliza safari ya kwenda ng’ambo kwa Sperancia imefikia wapi, alijibu bila wasiwasi wowote.

“Wamesema nisubiri.”

Therese aliuza vitenge kando ya barabara iendayo ofisi za wilaya. Wakati huo alikuwa ameinamia meza, anakata mbeleko. Hiyo mbeleko ndiyo iliyomtoa dada yake Ihanda. Adelgunda alitaka kitenge kizito, chenye rangi isiyochuja, cha kumbebea mjukuu ambaye hajazaliwa bado. Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

“Nani kasema?”

“Wenyewe. Ofisi ya huko.”

“Walikupigia simu?”

“Waliandika. Karatasi ninayo.”

Therese aliuweka mkasi mezani. Kwa umri alikuwa mdogo, lakini kwa ulimi alikuwa amempita dada yake tangu utotoni, na hakuwa na tabia ya kukubali jambo kwa kusimuliwa. Akanyoosha mkono. Adelgunda akafungua mkoba, akatoa jalada la plastiki, na ndani ya jalada akatoa karatasi moja iliyotunzwa vizuri, haina hata kona iliyokunjika.

Karatasi ilikuwa karibu tupu. Juu kulikuwa na mistari michache ya Kiingereza kwa herufi ndogo, chini hakukuwa na kitu, na kwenye mistari hiyo ulikuwa umegongwa mhuri wa bluu wa mwenyekiti wa kitongoji, na sahihi yake pembeni.

“Na mzee Byarugaba ameingiaje humu?” Therese aliuliza.

“Nilimwomba aigonge mhuri. Karatasi ya ofisi haikai bila mhuri.”

Therese alitazama karatasi, akamtazama dada yake, akataka kucheka, kisha akaona hapakuwa na la kuchekesha. Akaketi. “Hebu nieleze tangu mwanzo,” alisema.

Mwanzo wenyewe haukuwa mtamu kuusimulia, na Adelgunda aliusimulia haraka, akiuruka ule upande uliomuuma. Therese aliujua upande huo vizuri, kwa hiyo hakukuwa na haja.

Sperancia, binti wa mwisho wa Adelgunda, alikuwa muuguzi ng’ambo, nchi ya baridi ambako alikwenda kusoma na kazi ikamshika. Huko akaolewa. Hakuna aliyekuja Ihanda kujitambulisha, hakuna mshenga aliyekaa kwenye kibanja cha marehemu mumewe Gaudiosus akanyweshwa rubisi, pombe ya ndizi, hakuna aliyeuliza chochote. Picha tu iliingia kwenye simu, Sperancia amevaa gauni jeupe, na pembeni yake mtu. Adelgunda aliifuta picha ile kabla hajamtazama huyo mtu usoni. Na Sperancia alipompigia, mama alisema neno ambalo mpaka leo lilimkaa kooni: “Siku ukijifungua, wakuogeshe hao hao uliowafuata.”

Kwa watu wa huku, neno hilo ni zito. Mwanamke akijifungua, mama yake ndiye anayekuja kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia, kumshika mtoto usiku ili mzazi apate usingizi. Kumnyima binti yako hayo ni kumwambia hana kwao. Adelgunda alilijua hilo alipokuwa akilisema, na alilijua zaidi simu ilipokatika.

Baadaye, kabla ya Pasaka, uliingia ujumbe wa WhatsApp. Adelgunda alikuwa ameusoma mara nyingi kiasi kwamba angeweza kuusema bila kutazama: “Mama, nina mimba. Kama moyo wako umetulia, jaza fomu hii uje kunipokelea mtoto. Kama haujatulia, usijaze. Nitaelewa, na sitakuuliza tena.” Chini ya ujumbe kulikuwa na fomu.

Aliibofya. Ikafunguka karatasi nyeupe yenye maneno machache ya Kiingereza. Aliifunga, akaifungua tena, ikawa ile ile. Akaenda senta kwa fundi wa simu mwenye mashine ya kuchapisha, na fundi akasoma mstari wa kwanza. “Wanasema tafadhali subiri,” akamwambia, akamchapishia. Adelgunda akashukuru, akaipeleka kwa mzee Byarugaba, ambaye mhuri wake hukaa kwenye mfuko wa koti, naye huupenda sana. Mzee naye akasoma mstari wa kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Imefika huko,” akasema. “Ukiona wanakwambia subiri, ujue jina lako limeshaingia.” Akagonga.

“Na Sperancia ulimjibu nini?” Therese aliuliza.

“Nimjibu nini, na fomu yenyewe ndiyo jibu? Alisema nikiwa nimetulia nijaze. Mimi nikapeleka, wakaniambia subiri. Si atakuwa anajua, maana ofisi ni ya huko huko kwao.”

“Hamjaongea kwa simu?”

“Tunaongea. Ya mvua, ya migomba inayonyauka. Mimba haijadiliwi kwenye simu, Therese, unajua. Wala safari haitangazwi kabla karatasi hazijatoka.”

Therese alijua. Nyumba yao ilikuwa hivyo. Mama yao aliwahi kujifungua jirani wa mlango wa pili hana habari kwamba ana mimba. Lakini alikaa akihesabu kimoyomoyo, tangu kabla ya Pasaka mpaka sasa, wakati buni za matawi ya chini zimeanza kuwa nyekundu, na hesabu haikumpendeza. Mtoto alitarajiwa kabla mavuno ya kahawa hayajaisha. Ofisi za huko nazo, alivyosikia kwa wateja wake, hazikuwa na haraka. Kama fomu ingetumwa leo, pengine. Kama ingeendelea kulala kwenye jalada la plastiki, Sperancia angejifungua peke yake, na angejua kwa hakika kwamba mama yake alimaanisha lile neno.

“Simama, dada,” alisema. “Twende kwa Cleophace.”

Steshenari ya Cleophace ilikuwa hatua chache kutoka hapo, chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi, kompyuta mbili na kalenda ya kanisa. Cleophace alikuwa mtu wa Muleba, mrefu, mpole, wa makamo, na alikuwa na ugonjwa mmoja uliowachosha wateja wenye haraka. Kila kilichoandikwa alikisoma mpaka mwisho. Ukimpa barua ya kuchapisha ataisoma mpaka anuani ya chini kabisa. Watumishi wa wilaya walimtania kwamba akinunua sabuni husoma karatasi yake kwanza ndipo anawe mikono.

“Shikamoo mama,” alimwamkia Adelgunda, akimvutia kiti.

“Marahaba, baba. Habari za kazi?”

“Njema, waitu,” alijibu kwa neno la heshima la Kihaya. “Nikusaidie nini?”

Adelgunda alimpa karatasi. Cleophace aliisoma, kisha akaiinua kuelekea mwanga wa mlango, akaisogeza karibu na macho pale mhuri ulipokaa.

“Mama, chini ya mhuri kuna maneno zaidi,” alisema.

“Maneno gani?”

“Mwenyekiti amegonga juu yake, yanasomeka kwa shida. Mstari wa kwanza unasema tafadhali subiri. Lakini inaendelea. Inasema kama maandishi haya hayabadiliki, basi programu uliyotumia haiwezi kuonyesha fomu hii. Uifungue kwa programu nyingine.” Aliishusha karatasi taratibu. “Haya hayakuandikwa na ofisa, mama. Hii ni mashine. Ilikuwa inajaribu kufungua fomu, ikaweka maneno haya mbele, halafu ikashindwa. Fomu yenyewe ipo nyuma ya huu ukurasa, na haijaguswa.”

Nje bodaboda zilipita, mtu akaita mtu.

“Kwa hiyo hakuna aliyeniambia nisubiri,” Adelgunda alisema.

“Hakuna, mama.”

“Na jina langu halijaingia popote.”

“Bado.”

Aliona aibu kwanza, aibu ya mtu aliyekaa kwenye benchi la ofisi iliyohama. Kisha ikaja hasira, na hasira haikujua pa kwenda, maana hapakuwa na wa kumkasirikia. Fundi alisoma alichosoma, mzee Byarugaba aligonga kwa nia njema, na mashine haina masikio. Na chini ya aibu na hasira kulikuwa na hofu. Wiki zote zile yeye alikuwa Ihanda akisubiri kwa amani, na binti yake alikuwa huko akisubiri bila amani. Hilo ndilo lililomfanya ashike ukingo wa meza.

“Ifungue,” alisema.

Cleophace aliichukua simu ya Adelgunda, akaihamishia fomu kwenye kompyuta, akaibofya. Ukafunguka ukurasa ule ule mweupe. Therese akaguna.

“Usiogope,” Cleophace alisema. “Hapa imefunguka kwenye intaneti, kwenye kile kile tunachosomea magazeti. Fomu za namna hii hazikubali. Wala hazikubali kwenye simu. Lazima niishushe kwanza ikae ndani ya kompyuta, halafu niifungue kwa programu yake yenyewe.”

Aliishusha. Akaifungua kwa programu yake. Ukaja ukurasa mweupe.

Cleophace akausoma ukurasa wote tena, mpaka chini, kama ilivyo kawaida yake, na chini kabisa akakuta sababu imeandikwa. Programu ilikuwa ya zamani mno. Tangu alipoinunua ile kompyuta hakuwa ameigusa.

“Kumbe hili ni langu,” alisema, bila kuficha. “Nimeizembea. Inabidi niishushe mpya.”

Mtandao wa pale dukani ulikuwa wa kusuasua, akaweka bando kwenye simu yake na kuiunganisha na kompyuta. Mstari mdogo wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Therese alikwenda akaleta chai ya maziwa na maandazi, akafunga duka lake kwa kiti mlangoni, alama ambayo Rubwera nzima iliielewa. Adelgunda hakunywa. Alikuwa akiutazama ule mstari, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe kusubiri kulimchosha.

Mstari ukafika mwisho. Cleophace akaibofya fomu.

Ukurasa mweupe ulikuja, ukatulia kidogo, kisha ukaondoka wenyewe. Nyuma yake ikatokea fomu, ndefu, yenye visanduku vingi vya kijivu na nembo juu. Adelgunda aliegemea mbele. Alikuwa ameitunza karatasi kwa muda mrefu bila kujua kwamba nyuma yake kulikuwa na kitu kikubwa namna hii.

“Haya, tuandike,” alisema Cleophace. Akabofya kisanduku cha kwanza, akagonga herufi. Hakuna kilichoandikika. Akajaribu cha pili, vivyo hivyo.

“Imekufa?” Therese aliuliza.

“Imefungwa. Faili likipita kwenye simu mara nyingine linakuja la kusomwa tu, si la kuandikwa. Nalihifadhi upya kwa jina jingine.” Akalihifadhi, akaliita Mama Sperancia, akalifunga na kulifungua. Juu ya fomu ukatokea utepe wa njano ukiuliza kama anaiamini fomu hii. Akausoma wote. “Tunaiamini?” akamwuliza Adelgunda.

“Imetoka kwa mwanangu.”

Akabofya ndiyo. Visanduku vikawa vyeupe.

Basi wakaandika. Jina, Adelgunda Kokugonza. Mahali alipozaliwa, Kanoni. Namba ya pasipoti, ambayo Adelgunda alikuwa nayo tangu mwaka aliokwenda hija na wanawake wa kanisa. Tarehe ya kuzaliwa ilikataa mara mbili, kumbe walitaka mwaka uanze mbele. Kazi, mkulima. Unalima nini, fomu haikuuliza, lakini Adelgunda alimwambia aandike ndizi na kahawa, na Cleophace akaandika. Sababu ya safari, kumhudumia binti baada ya kujifungua. Hapo sauti ya Adelgunda ilipungua kidogo.

“Na mhuri unakaa wapi?” aliuliza.

“Hii haina mhuri, mama.”

“Sasa watajuaje kwamba ni mimi?”

“Kwa haya uliyojibu.”

Hakuridhika, lakini aliacha. Walifika mwisho. Cleophace akabofya kitufe cha kukagua, na fomu nzima ikaruka kurudi juu, kwenye ukurasa wa pili, ambako kisanduku kimoja kilikuwa kimezungushiwa mstari mwekundu.

“Kuna moja tumeiruka,” alisema. “Jina la mume wa binti yako. Yeye ndiye mwenyeji wako pamoja na Sperancia, kwa hiyo bila jina lake haipiti.”

Adelgunda alinyoosha kitenge magotini. “Weka mstari tu.”

Cleophace akaweka mstari. Fomu ikaukataa. Akaweka neno mume. Ikakataa, maana ilitaka jina la kwanza na la pili, na kila ilipokataa ule wekundu ulionekana kuzidi.

“Kwa desturi yetu,” Adelgunda alisema, akiwa anatazama kalenda ya kanisa, “mama mkwe hamtaji mkwe wake kwa jina. Ni heshima.”

“Dada,” Therese alisema, “ile heshima huanza baada ya kumjua. Wewe jina lenyewe hulijui.”

Ilikuwa kweli, na ilisemwa mbele ya mtu, na iliuma. Tangu siku ya ile picha Adelgunda alikuwa akimwita “huyo mtu” tu. Sperancia alipojaribu kumtaja, mama aliuliza habari za hali ya hewa. Sasa alimgeukia mdogo wake.

“Wewe unalijua?”

“Nalijua. Nimelijua tangu waoane.”

“Basi litaje, aandike, tumalize.”

“Silitaji.”

“Therese.”

“Sikutajii, dada. Mwanao yupo, simu unayo. Muulize mwenyewe.”

Cleophace aliona kuna haja ya kwenda kuangalia mashine ya fotokopi, akaenda akasimama mbele yake kwa muda mrefu ingawa ilikuwa imezimwa. Adelgunda alikaa na simu mkononi. Alikuwa amejibu maswali ya fomu yote, pasipoti, tarehe, ugonjwa, jinai, bila kusita popote, na sasa kisanduku kimoja chenye nafasi ya maneno mawili kilikuwa kimemshinda. Alitamani kingekuwa kinataka mhuri. Mhuri angeutafuta hata kwa mkuu wa wilaya.

Akabofya jina la Sperancia.

Simu iliita sana. Kisha sauti ikaja, yenye usingizi na woga ndani yake.

“Mama? Kuna msiba?”

“Hakuna msiba. Nipo Rubwera, kwa mama yako mdogo.”

“Oh. Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umelala?”

“Nilikuwa zamu ya usiku. Hakuna neno.”

Wakanyamaza. Walikuwa wamezoea kunyamaza hivyo tangu kabla ya Pasaka, na kila mara mmoja wao angeuliza kuhusu mvua.

“Nataka kukuuliza kitu,” Adelgunda alisema.

“Uliza, mama.”

“Mumeo anaitwa nani?”

Upande wa pili kukawa kimya. Kimya kikaendelea mpaka Adelgunda akaiondoa simu sikioni kuangalia kama bando limekatika. Halikuwa limekatika.

“Kwa nini unauliza?” Sperancia alisema, polepole.

“Fomu inamtaka. Kisanduku kimekuwa chekundu, hakipiti.”

“Fomu gani?”

“Fomu yako. Si ulinitumia?”

“Mama, nilikutumia kabla ya Pasaka.”

“Najua. Walisema nisubiri.” Alisikia jinsi neno hilo lilivyokuwa jepesi sasa, akaharakisha kulieleza. “Ilikuja karatasi imeandikwa subiri, mwanangu, nikasubiri. Kumbe ni kompyuta ilishindwa kufungua. Nimeambiwa leo. Nina karatasi yenyewe hapa, imegongwa na mhuri wa kitongoji.”

Therese, ambaye hakuwa amejifanya hasikii, aliichukua ile karatasi mezani, akaipiga picha kwa simu yake na kuituma. Wakasikia upande wa pili ikiingia. Halafu wakasikia kitu kama kicheko, ambacho hakikufika mbali kabla ya kugeuka kuwa kilio.

“Mama, umeipeleka hii kwa mzee Byarugaba?”

“Ningeiacha bila mhuri?”

“Nilidhani umekataa,” Sperancia alisema. “Nilidhani lile neno ulilisema kweli. Nilimwambia mume wangu asikutaje tena humu ndani, kwa sababu kila akikutaja nalia.”

Adelgunda alifumba macho. Aliumia mahali ambapo hakujua pangeweza kuuma tena, na pamoja na maumivu hayo alipata nafuu, maana sasa alijua pa kuanzia.

“Lile neno nililisema,” alisema, “na nilikosea. Nisamehe. Nimekuja Rubwera kukata mbeleko. Unga wa ulezi nimeshausaga, upo kwenye kopo. Ningekataaje?”

Sperancia alilia kidogo, na mama yake akamwacha alie. Cleophace bado alikuwa akiichunguza fotokopi. Therese alijifuta uso kwa pembe ya kitenge cha biashara, jambo ambalo angemkaripia mtu mwingine kwa kulifanya.

“Anaitwa Mbonimpa,” Sperancia alisema alipotulia. “Emmanueli Mbonimpa.”

“Mbonimpa,” Adelgunda alirudia. Lilikuwa jina la huku huku. Hakulitarajia. Katika kutomtazama usoni alikuwa amemjengea huyo mtu sura ya kigeni kabisa, na jina la kuvunja meno. “Mbonimpa wa wapi?”

“Wazazi wake walikuwa wakimbizi kutoka Burundi. Yeye alizaliwa Ngara, wakahamishiwa huku akiwa mdogo.”

“Ngara hii yetu?”

“Hii yetu, mama.”

“Basi ndizi anazijua.”

“Anazitafuta kila wiki madukani. Akizipata anazipika vibaya.”

Adelgunda alicheka, na kicheko kilimshangaza mwenyewe. Alimpungia mkono Cleophace, akaja akaketi. “Andika,” akamwambia. “Emmanueli Mbonimpa.” Cleophace akaandika herufi kwa herufi, na alipogonga herufi ya mwisho ule mstari mwekundu ukatoweka.

“Mama,” Sperancia alisema kwenye simu, “yupo hapa karibu. Unataka kumsalimia?”

Adelgunda alifikiri. “Nitamsalimia nikifika, kwa mbali, kama inavyotakiwa. Wewe mwambie hivi. Mwambie leo nimemtaja kwa jina kwa sababu fomu imenilazimisha. Nikifika huko sitamtaja tena. Nitamheshimu.”

Alisikia binti yake akimgeukia mtu na kumtafsiria maneno hayo kwa lugha nyingine, kisha akasikia sauti ya mwanamume, nzito, yenye haya, ikijibu kwa Kiswahili cha zamani cha utotoni: “Shikamoo mama.” Adelgunda hakutegemea. Akaitikia marahaba kabla hajakumbuka kwamba alikuwa amepanga kusubiri mpaka afike.

Simu ilipokatwa, Cleophace alikagua fomu tena. Safari hii haikuruka kurudi popote. Akauliza kama atume, Adelgunda akasema tuma. Duara dogo likazunguka katikati ya kioo, likazunguka, na wote watatu wakalitazama. Kisha likaondoka, na mahali pake yakaja maandishi ya Kiingereza, mistari michache kwenye ukurasa mweupe.

Adelgunda aliyatazama. Hakujua Kiingereza, lakini umbo la ukurasa ule alilijua vizuri.

“Inasemaje?”

“Inasema wamepokea,” Cleophace alisema. “Inasema tafadhali subiri.”

Therese akavuta pumzi. Adelgunda hakusogea, na hakuinua mkono kuchukua jalada lake la plastiki.

“Hiyo subiri,” aliuliza, “ni ya mtu au ya mashine?”

Cleophace alisogeza kiti karibu na kioo, akaanza kusoma tangu juu, mstari kwa mstari, mpaka kwenye maandishi madogo kabisa ya chini ambayo hakuna mtu anayeyasoma.

“Ni ya mtu, mama,” alisema. “Wameweka jina lako na namba yako, na hapa chini kuna simu ya ofisa. Ukiona kimya, unapiga.”

“Basi hiyo nitaisubiri,” Adelgunda alisema. Akaivuta chai yake iliyopoa, akainywa yote, akamgeukia mdogo wake. “Twende ukamalizie kukata ile mbeleko.”